Dawa ya Kuku Kwenye Pipa la Muratina

Naandika haya kwa sababu nimechoka. Kila nikienda Thika, hata kama ni mazishi, lazima mtu aniangalie, amnong'oneze mwenzake, halafu wote wawili waanze kukohoa ile kohoa ya kuficha kicheko, na najua wanasema nini: huyu ndiye yule mzee wa Ruiru aliyewanywesha wakwe zake dawa ya kuku. Aibu niliipata, sikatai, na ilikuwa ya mchana peupe mbele ya watu wa suti. Lakini inavyosimuliwa sivyo ilivyokuwa, kwa hivyo tulieni niwaambie mimi mwenyewe, mcheke mara moja mmalize.

Kwanza mnijue. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilipasua mawe kule Juja mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu, nikanunua lori kuukuu, nikauza mawe, nikajenga matangi ya maji, nikajenga vyumba vya kupangisha Ruiru, nikajenga nyumba yangu Theta hapo jirani, nikafuga kuku. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hivyo kwangu nikisema kitu kimesemwa, na hapo ndipo taabu ilipoanzia (mke wangu anasema niandike kwamba taabu ilianzia kwa ubishi wangu, lakini kalamu ninaishika mimi).

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati simu ilikuwa kitu cha kwenda kupangia foleni mjini. Mwanangu Njoroge alikuwa amepata msichana wa Gatuanyaga, mashariki ya Thika, jina lake Nyokabi, mtulivu, kazi yake ni maabara ya hospitali, anaangalia damu na makohozi ya watu kwa darubini. Tukaenda kwao kubisha hodi. Baba yake, Mzee Ng'ang'a, ni mkulima wa maneno machache na macho mengi, na kabla hatujaondoka akauliza swali moja tu: siku ya ruracio, yaani siku ya mahari, tutaleta pombe gani? Maana watu wa siku hizi huleta kreti za bia wakasema hiyo ni mila.

Sasa, kwetu baba wa kijana haongei siku kama hiyo, anasemewa. Msemaji wetu alikuwa rafiki yangu Gathogo, mtu wa ulimi laini, na Gathogo akaanza vizuri tu, "Tutajaribu, Mungu akipenda, kutafuta muratina kidogo..." Mimi nikamkata. Nikamwambia muthoni, yaani mkwe wangu, "Kujaribu nini? Muratina napika kwa mkono wangu. Siku hiyo, muthoni, mtashikana mikono mkienda choo."

Watu wakacheka, Mzee Ng'ang'a mwenyewe akatabasamu, mimi nikarudi Theta kifua mbele kama jogoo.

Asiyeijua muratina aelewe kwamba siri yake haiko kwa asali. Siri iko kwa yale matunda marefu ya mti wa muratina, yanayopasuliwa, yakakaushwa, yakalazwa ndani ya pombe ya zamani mpaka yakanywa ile chachu yake, kisha yakaanikwa tena na kuwekwa. Siku ya kupika unayatumbukiza kwenye maji ya asali na sukari, yanaamka yenyewe, na pipa linaanza kunguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharagwe ya jana. Yangu yalikuwa ya baba yangu. Hayakuwahi kuniangusha. Wazee wa Theta yote wanayajua.

Lakini mwaka huo mvua ilinyesha kama imetumwa, stoo ikavuja, na siku nilipofungua gunia nikakuta matunda yangu yamevaa ukungu, mwingine mweupe kama sufi, mwingine wa kijani. Mama Njoroge akaangalia mara moja.

"Tupa," akasema. "Kaka yangu Murang'a ako na mazuri. Kesho naenda nayaleta."

"Nipike pombe ya kijana wangu kwa matunda ya kaka yako?"

"Kwani matunda yanaongea, yatasema ni ya nani?"

Nilikataa. Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, na naomba mtu mwenye akili aniambie ulikuwa na kosa gani. Siku hizo kuku wangu walikuwa na ugonjwa wa koo, ule wa utando mweupe ndani ya mdomo mpaka kwenye mfuko wa chakula, na mama mmoja wa duka la dawa za mifugo Ruiru alikuwa ameniuzia unga wa manjano, nistatini. Nilimuuliza inafanya nini, akasema, "Mzee, hii inaua fangasi." Nikamuuliza kama mtu akila yai la huyo kuku atadhurika, akasema, "Hata watoto wachanga wakiwa na utando mdomoni, hospitali huwapa dawa ya jina hilo hilo." Mimi maneno yakiwa mawili siyasahau: inaua fangasi, haimdhuru mtu. Na ukungu ni nini? Si fangasi? Basi!

Nikakoroga unga uliobaki kwenye ndoo, nikalaza matunda humo kutwa nzima, nikayasugua kwa brashi, yakatoka safi kama ya kuuza dukani. Nikamwita mke wangu aje aone kazi ya mwanaume.

Akanusa. "Baba Njoroge, hii si ile dawa ya kuku?"

"Ni dawa ya ukungu."

"Umeyasuuza?"

"Kidogo."

Na hiyo kidogo niliifanya makusudi, kwa sababu nilitaka dawa nyingine ibaki ndani ikilinda, ukungu usirudi. (Ndiyo, nacheka pia. Endeleeni.)

Nikapata ruhusa ya chifu, maana pombe hiyo ilikuwa haipikwi ovyo ovyo, nikatia maji, asali nzuri, sukari, matunda, nikalifunika pipa kwa blanketi kando ya jiko nikangoja lingurume.

Halikunguruma. Nikaweka sikio, kimya. Nikaongeza makaa, nikalivika blanketi la pili, na juu yake koti langu la kanisa, nikaweka sikio tena, kimya cha makaburi. Mama Njoroge akapita na sufuria akasema, "Labda limelala, usiliamshe," akaenda zake. Siku hiyo sikula chakula chake (nilikula kwa Gathogo).

Nikasema ni baridi. Kesho yake nikasema ni asali, yule muuzaji amenichanganyia molasi. Mwisho nikaagiza pakiti ya hamira ya mandazi nikaimimina yote, pipa likatoa povu dogo la adabu, kama mtu anayekohoa akipita mbele ya wazee, halafu likanyamaza. Nikatia nyingine. Hata kikohozi halikutoa. Nikatia sukari zaidi, kwa hasira tu sasa, ndio lijue mimi ni nani.

Siku ya safari ilipofika nikaonja, ilikuwa tamu. Tamu sana! Mama Njoroge akanisihi, na yeye kusihi si tabia yake: "Pita Ruiru uchukue bia, useme pombe imemwagika njiani. Hakuna atakayekuuliza." Lakini nilikuwa nimesema mkono wangu, na nikishasema nimesema. Nikajiambia itaiva njiani, gari likiitikisa. Mtu mzima, mwenye nyumba za mawe, nikajiambia hivyo.

Basi tukafika. Hema limejaa, wazee mbele, kina mama na vitenge, akina shangazi wa Nyokabi wamekaa kama mahakama. Pipa likawekwa katikati. Gathogo akasimama, na Gathogo akipewa nafasi hajui breki: akaeleza nyuki walivyotafutwa, akaeleza marehemu baba yangu alivyopika, akasema wazee wafunge mikanda. Mimi nikakaa nimeangalia viatu vyangu.

Kwetu hakuna kilichosemwa mpaka pombe inywewe. Wazee huonja kwanza, wakiridhika ndipo msichana anaitwa. Mzee Ng'ang'a akapokea pembe ya kunywea, akamwaga kidogo chini, akanywa. Akaangalia ndani ya pembe. Akampa ndugu yake, naye akanywa, akaangalia ndani pia, kama wote wawili wameangusha kitu humo.

"Gathogo," akasema Mzee Ng'ang'a polepole, "muulize muthoni. Hii ya watoto tumeionja. Ile ya wazee imebaki kwa gari?"

Hema likapasuka kwa kicheko. Nyanya mmoja, cucu yake Nyokabi, akainua kikombe chake: "Nipeni mimi! Sina meno, hii hainisumbui. Na muite watoto!" Na wakaitwa, haki ya Mungu, watoto wakaja mbio na vikombe vya plastiki, wakapanga foleni kwenye pipa la ruracio la mwanangu kama wanaopewa uji wa shule.

Nikasimama. Gathogo akanivuta koti, nikamtoa mkono. "Hii pombe," nikasema, "haikimbii! Inaingia polepole! Ni kali ya chini kwa chini, hamtaijua mpaka mjaribu kusimama!" Na kuwaonyesha, nikachota kibuyu kizima nikakimaliza, nikachota kingine nikakimaliza, nikapangusa midomo, na kwa sababu macho yote yalikuwa kwangu na mimi sikuwa na kitu kingine mfukoni, nikaanza kulewa.

Ndugu zangu, nililewa vizuri. Nilivuta ulimi. Nililegeza goti moja, halafu nikakumbuka kulegeza la pili. Nikaanza wimbo wa tohara, wa kwanza uliokuja kichwani, na si wimbo wa kuimba mbele ya wakwe. Njoroge akaja mbio, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tafadhali, kaa chini," nikamwambia kwa sauti ya juu, "Usinishike, nimelewa!" Nikapepesuka kuelekea meza ya chakula nikikusudia kuishika tu kidogo, iwe kama meza imeniokoa, kumbe mguu wake mmoja ulikuwa umeegemezwa kwa jiwe. Meza ikaenda, na mimi nikaenda nayo, mkono wangu ukazama kwenye sufuria ya mukimo wa viazi mpaka kiwiko, supu ya mbuzi ikanipata kifuani, na ilikuwa ya moto, nikaruka juu nimesimama wima kama askari wa gwaride, macho makavu, pombe yote imetoka kichwani.

Yule cucu akasema, "Mbona mimi nimekunywa kumshinda na bado naweza kutunga uzi kwa sindano?"

Sitaeleza kicheko hicho.

Ndipo Nyokabi akatoka ndani, ingawa hakuwa ameitwa, kwa sababu alisikia meza. Akachukua kikombe cha mtoto mmoja, akaonja, akakiinamisha kwenye mwanga, akaona vumbi la manjano chini yake.

"Baba," akaniuliza kwa heshima, "hii ilichemka kweli?"

"Baridi," nikasema. "Theta kuna baridi."

Akamgeukia mke wangu. "Mama?"

Na mke wangu, tuliyekaa naye nikiwa sina hata baiskeli, akasema, "Muulize dawa ya kuku."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kucheka ni kitu kimoja. Lakini neno hilo lilipozunguka hema, "dawa ya kuku, dawa ya kuku", watu wakaanza kutema. Shangazi mmoja akapiga yowe kwamba watoto wamelishwa sumu. Mzee mmoja wa kanisa akajitia kidole kooni nyuma ya hema, mwingine akaitisha maziwa, na Mzee Ng'ang'a akasimama polepole, na nilivyomwona usoni nikajua pikapu yangu itarudi Theta na kijana asiye na mke. Njoroge alijua pia. Alikuwa ameshika nguzo ya hema kwa mikono miwili.

"Ni dawa gani?" Nyokabi akauliza.

Nikamwambia. Manjano, ya koo, nistatini.

Akavuta pumzi, akageukia watu, akainua mkono. "Cucu, baba, wote, hakuna aliyekunywa sumu. Hiyo tunawapa watoto wachanga wodini. Tumboni inapita tu, haiingii kwenye damu. Atakayeumwa ni kwa kujitia vidole." Kisha akanigeukia. "Lakini pombe uliiua, baba. Hamira ni fangasi."

"Hamira ya mandazi?"

"Hiyo, na ile iliyo ndani ya matunda. Ni ndugu wa ule ukungu."

Niambieni nyinyi, ni nani aliwahi kunieleza hivyo? Yule mama wa Ruiru aliniambia inaua fangasi, hakuniambia nimekuwa nikila fangasi kwa mandazi tangu utoto!

Nyokabi akaniuliza kama si mimi hujenga matangi ya maji, nikasema ndiyo. Akasema hamira ni kiumbe kidogo sana kisichoonekana kwa macho, na kila kimoja ni kama tangi, limezungushiwa ukuta mwembamba wa mafuta. Mafuta! Na ndani ya mafuta hayo kuna mengine magumu yanayoukaza ukuta, kama simiti kwenye mchanga. Sisi watu tuna ya kwetu, inaitwa kolesteroli (wazee wenye presha wakaitikia kwa kichwa, hilo wanalijua). Fangasi wana ya kwao, ergosteroli. Dawa yangu hutafuta hiyo ya fangasi, inaishikilia, inajipanga nayo mpaka ukuta unatoboka matundu, na chumvi yote ya ndani inavuja, hamira inakufa. Ya kwetu haiitaki sana, ndiyo maana mtoto anapona na fangasi anakufa.

"Lakini niliongeza hamira mpya," nikasema. Bado mukimo ulikuwa kwa mkono. "Mara mbili!"

"Na dawa ilikuwa bado humo, baba. Ulikuwa unaipeleka machinjioni."

Mzee mmoja wa presha akainua mkono: "Binti, na hiyo dawa haiwezi kunitobolea hii kolesteroli yangu kidogo?"

"Hapana, guka. Na usijaribu."

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa na kufukuzwa. Lakini Mzee Ng'ang'a hakucheka. Akaenda pembeni na ndugu zake, wakarudi, akaongea na Gathogo, si na mimi.

"Mwambie muthoni hakuna kilichonywewa, kwa hivyo hakuna kilichosemwa. Nyokabi hajaitwa, na leo haitwi. Mle, mwende. Mkirudi, msiniletee kreti. Alisema mkono wake. Aulete huo mkono. Ukishindwa tena, kijana atafute mlango mwingine."

Tulirudi Theta. Njoroge alikaa nyuma ya pikapu na pipa, na tulipofika akaniambia kitu kimoja tu, hakuniangalia: "Mzee, mimi siwezi kupata Nyokabi mwingine." Angenitukana ingekuwa afadhali.

Kwa hivyo nilienda Murang'a. Mimi. Kwa shemeji. Aliniweka uani nikingoja akimalizia kunyoa ndevu, halafu akatoka anacheka sabuni ikiwa bado shavuni, kwa sababu habari ilikuwa imefika kabla yangu. "Mwanaume wa dawa," akasema, "mikono umeiosha?" Nikapewa matunda, nikashukuru kwa sauti ya kusikika, alitaka nirudie, nikarudia. Nikanunua pipa jipya. Mpaka pombe iive sikukanyaga banda la kuku, kuku walilishwa na mke wangu. Na siku pipa liliponguruma, nilikaa kando yake nimeshika kofia mkononi kama mtu ambaye mgonjwa wake ameomba uji.

Mara ya pili hema lilijaa kuliko la kwanza. Hawakuja kwa ajili ya ruracio, walikuja kuniona mimi. Na Mzee Ng'ang'a hakuonja. Akasema wazee walionja mara ya kwanza ikatosha, aitwe msichana mwenyewe.

Mila ni hivi: msichana anapewa pembe, baba yake anamuuliza kama pombe hiyo inywewe. Akisema inywewe, amekubali kijana, basi. Hakuna maswali mengine. Nyokabi akashika pembe, hakunywa, akanigeukia mimi mbele ya watu wote.

"Baba, humu ndani umetia nini?"

Gathogo akafungua mdomo kunijibia. Mzee Ng'ang'a akamzuia kwa kidole. "Aongee mwenyewe."

Nikasimama. Safari hii sikulegeza goti hata moja. "Maji," nikasema. "Asali. Sukari. Na matunda ya shemeji yangu."

"Na nini tena?"

"Na hakuna."

Aliniangalia kwa muda, vile nadhani huangalia vitu vyake kwa darubini. Halafu akanywa, akakohoa, machozi yakamtoka kwa ukali, akacheka, akampa baba yake pembe. "Kunyweni," akasema, na vigelegele vya kina mama vikaanza kabla hajamaliza neno. Njoroge alikaa chini hapo hapo alipokuwa, na hapakuwa na kiti.

Mpaka leo hayo ya ukuta wa mafuta hayajaniingia vizuri, mafuta ninayoyajua ni ya kupikia na ya gari, lakini na mtu wa darubini sibishani tena. Matunda yakishika ukungu sasa natupa, hata kama ni ya baba yangu. Na dawa za kuku zimefungiwa kabatini, ufunguo ako nao Mama Njoroge, kuku akiugua lazima niende kwake niombe, naye hanipi mpaka nimwonyeshe huyo kuku.